Kilima nilichoandika kwamba hakina kitu



Oktoba mwaka jana rafiki mmoja tuliyesoma naye agro, ambaye sasa yuko Ubelgiji kwa masomo, alinitumia foto kumi na mbili za bustani ya botaniki ya Meise, kando ya Brussels. Miti ilikuwa ya manjano, mekundu na kahawia, na chini majani yalitandazwa kama mkeka. Aliandika: "Njo otoni ile tulikaririshaka mu primaire. Sasa naiona na macho." Nilicheka peke yangu. Wote tuliopita shule ya msingi huku tulikariri majira manne ya Wazungu kwa Kifaransa, fimbo ikiwa juu, wakati nje ya dirisha letu kulikuwa na mawili tu: mvua na kiangazi.

Nikatoka nje nipige foto ya kwetu nimjibu. Nyuma ya mashamba, upande wa Panda, imebaki miti kadhaa ya miombo ambayo wachoma makala hawajaimaliza. Nayo ilikuwa myekundu! Nyekundu ya divai, nyingine rangi ya mukuba uliosuguliwa. Nikamtumia. Akauliza: "Huko pia kuna otoni?"

Nilimjibu kama mtu wa agro. Hapana, ni kinyume chake. Kule kwao jani linakuwa jekundu kwa sababu linakaribia kuanguka: mti unarudisha ndani kijani chake, manjano iliyokuwa imefichwa inajionyesha, nyekundu inatengenezwa wakati huo huo, kisha jani linakatika. Huku jani jekundu la Oktoba ni jani changa. Miombo inachipua kabla mvua haijafika, kwa maji iliyojiwekea na yale ambayo mizizi inatafuta chini, na rangi ile nyekundu inafikiriwa kuwa kinga ya jani dogo mbele ya jua kali na wadudu. Baada ya majuma machache inageuka kijani. Kwa hiyo foto mbili, mwezi mmoja, rangi moja: moja ni mwisho, nyingine ni mwanzo. Mtu asiyejua majira ya mahali atasoma foto zote mbili vibaya.

Nilijivunia jibu hilo siku tatu. Siku ya nne akanitumia kitu kingine, na hicho ndicho kinachonifanya niandike hapa leo.

Bustani ya Meise ina herbari kubwa, yaani nyumba ya mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, na karatasi za kutoka Afrika ya kati zimepigwa foto na kuwekwa kwenye intaneti. Yeyote mwenye mega za kutosha anaweza kuzitazama. Rafiki yangu alitafuta jina la mji wetu la zamani, akapata, akanitumia. Mmea mdogo, mkavu, wenye vichwa vya maua vilivyofifia. Chini yake kibandiko: Jadotville, ardhi yenye shaba, mwezi wa nne. Akaongeza neno moja: "Unaujua?"

Sikuujua. Mimi, mtoto wa Likasi, lisansi ya agronomia mkononi, sikuujua. Na jambo lililonichoma si kutojua jina. Ni ule mwezi wa nne ulioandikwa pale. Maana mwaka mmoja kabla, nilisimama juu ya kilima cha mukuba kando ya njia ya kwenda Kambove, nikiwa na karatasi ya kujaza, na mahali palipoandikwa "mimea" niliandika: hakuna kitu. Ilikuwa mwezi wa tisa.

Nisimulie vizuri. Baada ya kumaliza masomo nilikaa bila kazi miezi kumi na minne. Mnalijua jambo hilo, sihitaji kulieleza. Basi ofisi moja ndogo iliyokuwa inatayarisha mafaili kwa ajili ya machimbo ikanichukua kwa siku tatu, kuhesabu mimea juu ya kilima kabla ya kazi kuanza. Dola mia na hamsini. Nilipofika, moto wa kiangazi ulikuwa umepita. Majani yote yameungua, udongo mweusi kwa majivu, mawe yenye madoa ya kijani, miti hakuna. Nilitembea juu na chini siku moja, nikapumzika ya pili, ya tatu nikajaza karatasi. Nikaweka sahihi. Hakuna aliyenilazimisha kuandika vile. Hakuna pia aliyeniuliza kwa nini mwezi wa tisa.

Sasa tuingie kwenye historia, kwa sababu bila historia sitaweza kueleza kosa langu lina ukubwa gani.

Bustani ya botaniki si bustani ya maua tu. Ile ya Padova, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa udaktari wajifunze kutofautisha dawa na sumu. Ilikuwa darasa. Lakini Wazungu walipoanza kushika nchi za mbali, bustani hizi zilipata kazi ya pili: zikawa stesheni za mimea. Mmea unaingia kwa mlango mmoja, unajaribiwa, unatoka kwa mlango mwingine kwenda kutajirisha mahali pengine. Waholanzi walikuwa na Bogor, kisiwani Java, tangu 1817. Mwaka 1848 walipanda pale miche minne ya mchikichi, mti wa mafuta ambao asili yake ni Afrika. Kutoka kwa watoto wa miche ile minne yalianza mashamba ya michikichi ya Asia ya kusini-mashariki. Leo Indonesia ndiyo ya kwanza duniani kwa mafuta ya mawese, na sisi tulio na mchikichi msituni tunanunua mafuta kwenye bidoni zilizovuka bahari.

Waingereza walifungua bustani ya Entebbe mwaka 1898. Wajerumani walifungua Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, wajaribu kwinini, mpira, kahawa na mamia ya miti mingine. Kwetu Kongo, mwaka 1900 ilianzishwa Eala, karibu na Mbandaka, kwa ushauri wa Émile Laurent, profesa wa Gembloux. Kule Kisantu, Mjesuiti Justin Gillet alitengeneza bustani ambayo bado ipo hadi leo, na watu wa Kinshasa wanakwenda kupumzika pale.

Huyo Laurent ana habari nyingine inayotuhusu sisi wa agro. Katika safari zake alikusanya kahawa ya msituni kwetu. Ilipelekwa Brussels, nyumba moja ya biashara ya miche ikaizalisha na kuiuza kwa jina la "robusta", na mwanzoni mwa karne ya 20 ikafika Java, ambako ugonjwa wa kutu ulikuwa umeua kahawa ya arabika. Robusta ikasimama. Leo nchi inayozalisha robusta nyingi kuliko zote ni Vietnam. Sisemi haya ili tulie. Nasema ili tuone namna kazi inavyokwenda: mahali mmea unapotoka ni jambo moja, mahali unapoandikwa, unapotunzwa na kueleweka ni jambo lingine. Anayeuandika ndiye anayeutumia.

Na Katanga? Hapa ukoloni haukuja kutafuta majani. Ulikuja kutafuta mawe. Jules Cornet, mjiolojia Mbelgiji, alipita huku mwaka 1892 na msafara wa Bia na Francqui, akaandika juu ya utajiri wa shaba. Kati ya 1899 na 1901 George Grey, aliyetumwa na Robert Williams wa Tanganyika Concessions, alizunguka vilima hivi hadi Kambove. Mwaka 1906 ikaanzishwa Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1910 treni ikafika Élisabethville, ndiyo Lubumbashi. Likasi ikakua juu ya migodi, ikapewa jina la Jadotville kwa heshima ya Jean Jadot, mkubwa wa kampuni, ikabaki na jina hilo hadi 1966. Mji ulipangwa kwa kiwanda, barabara na nyumba za wafanyakazi. Miti iliyopandwa barabarani ni ya uzuri na kivuli, kama jakaranda yenye asili ya Amerika ya Kusini. Bustani ya botaniki, hapana.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa ninafikiri hata mimi: Likasi haina bustani. Lakini tuulize swali moja. Cornet na Grey walijuaje mahali pa kwenda?

Jibu la kwanza ni kwamba walionyeshwa. Karibu kila mahali walipofika palikuwa na mashimo ya zamani. Basanga, Balamba, Bayeke na wengine walikuwa wakichimba na kuyeyusha mukuba kwa karne nyingi. Misalaba ya shaba imekutwa makaburini kule Upemba, bonde la juu la Lualaba, na ile ya karne za 13 na 14 inajulikana vizuri. Wazee wale waliitwa "walaji wa mukuba", na mwaka 1926 Monsinyori de Hemptinne aliandika kuhusu kazi yao baada ya kuishuhudia ikifanywa tena. Kazi ilikuwa ya kiangazi, baada ya mavuno: jiwe la kijani linakusanywa, makala yanachomwa, tanuri linajengwa kwa udongo wa kichuguu, mivuvio inapuliza usiku kucha.

Jibu la pili ni kwamba kilima chenyewe kinajionyesha. Ukiwa mbali, miombo imefunika kila kitu, kisha ghafla unaona kilima chenye kipara: majani tu, hakuna mti. Udongo wa shamba la kawaida una shaba chini ya miligramu mia moja kwa kilo. Juu ya kilima cha namna hii unakuta maelfu, na mahali pengine zaidi ya elfu kumi. Ukipanda mahindi pale, mizizi inakufa kabla mche haujafika gotini. Mti wa miombo hauwezi. Lakini kuna mimea iliyoweza. Haikuweza kwa mwaka mmoja, iliweza kwa maelfu ya vizazi, kila kilima na watu wake. Haut-Katanga na Lualaba zina zaidi ya vilima mia moja vya namna hii, kama visiwa ndani ya bahari ya msitu, na juu yake kuna mimea ipatayo thelathini ambayo haijapatikana mahali pengine popote duniani.

Mtu aliyeieleza vizuri kwa sayansi ni Paul Duvigneaud, wa Chuo Kikuu cha Brussels, ambaye mwaka 1958 alichapisha utafiti mkubwa juu ya mimea ya Katanga na udongo wake wenye madini. Mwaka uliofuata yeye na mwenzake walilipa jina jenasi moja ya jamii ya minti: Haumaniastrum, kumkumbuka profesa Lucien Hauman. Mmoja wa jenasi hiyo, Haumaniastrum katangense, ndio unaoitwa ua la mukuba. Na huo ndio uliokuwa kwenye karatasi ya Jadotville, mkavu, mbele ya macho yangu.

Sasa sikilizeni jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980, wataalamu wa mimea na wa mambo ya kale waliofanya kazi Lubumbashi waligundua kwamba ua hili halikai vilimani tu. Linaota pia bondeni, kando ya mito, mahali pasipo mgodi wowote. Walipochimba chini yake wakakuta mavi ya chuma na shaba, vipande vya matanuri, vigae. Mababu walibeba jiwe kutoka kilimani hadi mahali penye maji na miti ya makala, wakayeyusha, udongo ukalewa shaba, na ua likafuata. Matanuri yalibomoka, majina ya mafundi yakasahauliwa, ua likabaki pale likiota kila mwaka. Wataalamu wakaanza kutafuta maua ili wapate mababu.

Nilipolisoma hilo nilifunga simu. Nilikuwa nimeandika "hakuna kitu" juu ya kitabu.

Nilisubiri. Novemba mvua zikaanza, Desemba, Januari, njia haipitiki. Kwa hesabu ya jua, sisi tulio kusini ya ikweta tuna otoni yetu pia: inaanza mwezi wa tatu, wakati Ubelgiji wanaanza kuona maua ya kwanza. Hakuna anayeiita hivyo huku. Tunasema tu mvua inakwisha. Mwaka huu, juma la pili la mwezi wa nne, nilichukua moto hadi njia panda, nikapanda kwa miguu. Nilimwomba mzee mmoja jirani anisindikize, aliyefanya kazi ujana wake kubeba sampuli za wajiolojia. Ana zaidi ya miaka sabini na anatembea kunishinda.

Njiani nilimwambia ukweli, kwamba nilishafika na niliandika nini. Alisimama.

"Ulikuyaka mwezi gani?"

"Mwezi wa kenda, baba mukubwa."

"Njo maana. Mwezi ya kenda mulima inalala. Unaingia mu nyumba ya muntu usiku, unakuta bantu banalala, unatoka unasema hakuna muntu?"

Sikuwa na jibu. Tukaendelea.

Nusu ya kilima haikuwepo. Kariere ilikuwa imekula upande wa mashariki, ukuta mwekundu na kijani unashuka chini, na maji ya mvua yamesimama rangi ya chai. Krezeri wachache walikuwa chini wanachambua. Walitusalimia vizuri. Nao pia wanatafuta bukari, sina neno juu yao.

Nusu nyingine ilikuwa bado. Na wandugu, ilikuwa bustani. Majani marefu yenye umande, na kati yake maua madogo ya kila namna: ya buluu, ya manjano ya jamii ya Crotalaria, ile ile tunayoipanda kurutubisha shamba, kumbe ina ndugu wanaokula sumu. Majani mafupi yenye kushikana chini, Microchloa altera, yamefunika mawe mahali ambapo hakuna kingine kinachothubutu. Nilikaa saa sita. Niliweza kutofautisha aina 37. Nilizoweza kutaja jina bila kuuliza ni 9. Mzee alizijua nyingi kwa kazi zake: hii ya tumbo, hii ya kufagilia, hii mbuzi hawaigusi.

Ua la mukuba ndilo lililonishangaza. Nililitafuta kwenye nusu nzima, nikaliona moja moja. Kisha mzee akanivuta hadi ukingo wa kariere, kwenye takataka za machimbo. Hapo lilikuwa limeota kama mtu alimwaga mbegu kwa mikono miwili, kufika gotini, vichwa vyeupe na zambarau, nyuki wamejaa. "Hii uwa inafwataka bantu," mzee alisema. "Bamukubwa balichimba, ikakuya. Bazungu balichimba, ikakuya. Sasa bale batoto banachimba, iko."

Nilifurahi dakika moja. Nikafikiri: basi hakuna hatari, maua yanapenda machimbo! Lakini hapa ndipo darasa linapokuwa gumu, na ningependa wadogo zetu wasiruke sehemu hii. Haumaniastrum katangense ni mmea wa mwaka mmoja. Unaota haraka, unatoa mbegu nyingi, unapenda ardhi iliyopinduliwa. Mingi kati ya ile mingine si hivyo. Ni mimea ya kudumu, ina mizizi minene chini, ndiyo maana inapona moto wa kiangazi. Inakua polepole. Ukichukua udongo umechukua mmea, mbegu na kumbukumbu vyote pamoja. Takataka za machimbo zitajaa ua moja zuri, na mtu atapita atasema: ona, asili imerudi. Haijarudi. Amerudi mgeni mmoja kati ya thelathini na saba.

Mtasema: sawa, lakini mimea hii ina faida gani? Watu wana njaa. Swali ni la haki, na mimi niliuliza vile vile. Jibu la kwanza liko Lubumbashi. Kuna eneo ambapo moshi wa kiwanda cha shaba ulianguka kwa miaka mingi hadi ardhi ikabaki tupu na vumbi lake likawa linaingia majumbani. Watafiti wa fakilte yetu ya agronomia, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walijaribu kurudisha mimea pale kwa majani matatu ya asili, wakitumia pia chokaa na mboji. Jani lililovumilia vizuri zaidi udongo ule ni Microchloa altera, lile la vilimani. Mmea unaoshika vumbi lenye sumu lisiruke ni mmea wa afya ya watoto. Na sisi wa Likasi, tunaoishi kati ya Shituru na migodi ya zamani, tunahitaji majani hayo kuliko Brussels.

Jibu la pili ni la uangalifu katika kazi yetu. Zamani vipimo vilionyesha kwamba baadhi ya mimea hii inajaza shaba ya ajabu ndani ya majani. Baadaye watafiti waliosha majani vizuri kabla ya kupima, wakaona sehemu kubwa ilikuwa vumbi lililobandikwa juu. Mmea wenyewe mara nyingi unafanya kinyume: unaizuia shaba isipande. Somo ni rahisi. Anayepima bila kuosha anadanganyika, na anayehesabu bila kungoja majira anadanganyika vile vile.

Kuna waliojaribu kuokoa. Kule Fungurume, kampuni ya madini ilifanya kazi na Gembloux kuhamisha mabonge ya udongo pamoja na mimea yake na kukusanya mbegu kabla vilima havijachimbwa. Inawezekana basi. Si ndoto. Inahitaji mtu wa kusema mapema: hapa kuna kitu. Na sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inadai utafiti wa mazingira kabla ya kuchimba. Karatasi ya kujaza ipo. Tatizo ni nani anaijaza, na mwezi gani.

Sijidanganyi. Kariere ingefunguliwa hata kama ningeandika kurasa hamsini. Sahihi ya kijana wa dola mia na hamsini haisimamishi mashine. Lakini kama ningeandika ukweli, angalau ingekuwepo karatasi moja inayosema nini kilikuwa pale, na pengine mabonge kadhaa yangehamishwa. Sasa upande wa mashariki umekwenda, na orodha pekee ya mimea yake ni yangu, na inasema hakuna kitu. Hilo halifutiki kwa kujuta.

Niliporudi niliandika ripoti nyingine, yenye aina 37, foto na tarehe, nikaipeleka kwenye ofisi ile. Waliipokea, wakagonga muhuri. Mpaka leo sijapata jibu. Halafu nilifanya lile ambalo profesa alitufundisha mwaka wa pili na mimi nikaliona kama mchezo: nilikata kipande cha kila mmea, nikakiweka kati ya magazeti, juu nikaweka matofali na gunia la mahindi la mama. Majuma mawili nyumba nzima ilinuka nyasi. Mama aliuliza kama nimeanza kuwa nganga. Kisha nikazipeleka Lubumbashi, fakilteni, zikapokelewa na mtu aliyefurahi kuliko nilivyotegemea. Kumbe watu hawaleti.

Ninachoomba kwenu ni kidogo. Wengi wenu mko Kambove, Kakanda, Luishia, Fungurume, Kolwezi. Wengi mtachukua kazi za siku tatu kama yangu, na sitamwambia mtu akatae pesa. Lakini ukipewa karatasi mwezi wa tisa, andika wazi juu yake: nimefika wakati wa kiangazi, baada ya moto, hesabu hii haijakamilika, mrudi mwishoni mwa mvua. Sentensi moja tu. Na mwezi wa nne ujao, kila mmoja wenu aliye karibu na kilima chenye kipara, apande nacho Jumapili moja, na mzee mmoja, na magazeti ya zamani. Wenzetu wa Meise wanatembea kwenye bustani yao katika otoni, wanapiga foto. Sisi pia tuna bustani, na haina mlango wala tiketi. Ina majira tu.

Rafiki yangu wa Ubelgiji nilimtumia foto ya kibandiko cha kwanza nilichokiandika kwa mkono wangu. Haumaniastrum katangense. Ardhi yenye shaba, ukingo wa kariere. Mwezi wa nne. Mahali: Likasi.

Akajibu: "Sasa unaujua."